Kijipu Chenye Harufu ya Kuku

Sogeeni karibu. Anayekula amalize kwanza au aweke sahani kando, maana hadithi hii inanuka, na mimi sipendi kulaumiwa kwa chakula cha mtu. Mmemaliza? Haya, tegeni masikio, na pua pia.

Juu kabisa ya milima ya Upare, mahali paitwapo Mraru, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi, palikuwa na mkulima wa tangawizi, Mzee Senkondo, na mkewe Naghenjwa, na watoto wao watatu. Kila mtoto alizaliwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Kajiru, alipewa sikio. Alipiga tarumbeta kanisani, na watu ishirini wakipuliza pamoja yeye angesimamisha wimbo mzima kwa kidole kimoja, kisha akamwonyesha aliyepotea sauti. Gari likipanda mlima, likiwa bado kona tatu chini, alikwambia ni la nani na ni gurudumu lipi linalalamika. Alipooa alihamia Same, chini tambarare.

Wa mwisho, Nietiwe, alipewa vidole. Alikuwa fundi cherehani katikati ya mlima, penye soko la Alhamisi. Ukimpelekea suti ya mtumba aliipapasa huku anaongea na mtu mwingine, akakwambia hapa palichanika, hapa palitiwa kiraka, na aliyetia kiraka alikuwa na haraka. Hakuna aliyewahi kumkuta amekosea.

Wa katikati, Nakijwa, alipewa pua. Hadithi hii ni yake kuliko ya wenzake, na niseme mapema kwamba pua ile haikuwa zawadi, ilikuwa adhabu. Wewe ukiingia buchani unaona nyama. Nakijwa alisikia harufu ya nyama ya jana, na ya juzi, na ya kitambaa kilichofutia zote mbili. Hakunywa chai katika kikombe kilichowahi kutiwa yai. Msibani alikaa upande upepo unakotokea. Watu walimwita Bibi Kinyaa, akiwapo na asipokuwapo, naye alikwisha kuacha kununa. Lakini ilipofika siku ya kufunga magunia ya tangawizi, au mama alipomimina mchele kwenye ungo, hakuitwa mwingine ila yeye. Kwa sababu kuchagua mchele, kwao kama kwenu, ni kutoa kibaya. Unatoa jiwe, unatoa punje iliyooza, kinachobaki ndicho chakula. Neno hilo lishikeni, tutalihitaji huko mbele.

Nakijwa ndiye aliyebaki Mraru na wazazi. Na Mraru palikuwa na gari moja tu la kuteremkia, pikapu ya mtu aitwaye Mchome. Pikapu hiyo ilipandisha dagaa, ikateremsha tangawizi, mbuzi na wagonjwa, wote pamoja, na tangu inunuliwe ilioshwa na mvua peke yake.

Masika moja Mzee Senkondo akaugua. Walimlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia matupu ya dagaa, miguu yake ikigusana na beberu aliyekuwa anapelekwa mnadani. Kwenye kona ya pili beberu akakojoa. Mkojo ulitiririka ukapita chini ya blanketi la mzee, na hapakuwa na pa kumsogeza. Nakijwa alimpakata kichwa saa tatu nzima, machozi yakimtoka, nusu kwa huzuni na nusu kwa ile harufu, na alijichukia kwa hiyo nusu ya pili.

"Mwanangu," baba yake alimwambia, "mimi ni mtu. Mbona nateremshwa kama dagaa?"

Hospitalini aliwaita wote watatu. Akawaambia wauze tangawizi yote ya msimu ule, wanunue gari dogo, la kuukuu si neno, mradi magurudumu yote manne yavute na lipande mpaka mlangoni. Mama yao asije akateremshwa kama yeye. Na kwenye kadi ya gari liandikwe jina moja, akasisitiza, moja tu, la yule atakayelichagua. Huyo ndiye atakayeamua lilale wapi, wengine wapande.

"Mali ya majina matatu ni kesi," alisema.

Alilijua kabila lake. Watani wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate kuendesha kesi ya kuku. Wapare mlioketi hapa msinune, zamu yenu ya kutusema itafika. Mzee Senkondo alikaa siku mbili akafa, akiamini amewaachia watoto wake amri iliyonyooka.

Basi tangawizi ikauzwa, Nietiwe akazifunga pesa kwenye pindo la kanga, na wote watatu wakaenda Moshi, kwenye yadi moja ya magari iliyokuwa nyuma ya ukuta mrefu. Walipokewa na dalali mwenye ukucha mrefu kwenye kidole cha mwisho. Ukucha huo aliuingiza sikioni, akauchungulia, akaufutia kwenye kiti cha gari lililokuwa karibu, kisha akanyoosha mkono uleule kuwasalimu. Nakijwa alisalimia kwa kichwa.

Dalali aliwapeleka kwenye kijipu cheupe kinachong'aa. Magurudumu yalipakwa weusi, na ndani vilining'inia vibao vya marashi vinne. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kijipu hicho kilitembezwa kweli: dalali alikizungusha yadi nzima mara tatu. Kajiru akasikiliza injini, akaona haina kasoro. Nietiwe akapapasa milango na bodi, asikute kovu. Rangi ile ilimpendeza, na mkono wake ukawa umekwisha kufika kwenye fundo la kanga.

Nakijwa akaingiza kichwa ndani, akakitoa.

"Humu mna mto," alisema.

Dalali akacheka. Akamwambia Nakijwa, mama, mchagua nazi hupata koroma, gari lilitoka melini wiki ile, hiyo ni harufu ya upya. Nakijwa alipiga magoti, akabana pumzi, akafunua kapeti chini ya kiti cha dereva. Palikuwa na tope jeusi laini, lililokauka juu na bado bichi chini, na katikati yake chura aliyekufa, amekuwa bapa kama soli ya ndala. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko mahali fulani, likaopolewa, likapakwa marashi. Gari la namna hiyo halikwambii siku ileile. Nyaya zake zinaoza polepole, na siku ya kuzimika linangoja kona mbaya kuliko zote.

Nakijwa alikwenda nyuma ya ukuta akatapika. Aliporudi, Nietiwe alikuwa amelikaza tena fundo la kanga.

Walionyeshwa mengine manne. Nakijwa aliyakataa yote manne, moja kwa harufu ya klachi iliyoungua, moja kwa petroli iliyovuja ndani ya viti, mawili kwa mambo ambayo sitayasema mbele ya watoto. Kila gari lilikuwa na marashi yake, na kila marashi yalikuwa na mzoga wake chini. Kinyaa kilimjaa mpaka kooni, wala hakikuwa cha magari peke yake. Alichukizwa na watu wanaoijua harufu na kuamua kuifunika, wakijua wazi kwamba atakayepanda ana mama.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na Nietiwe ameanza kusema warudi nyumbani, wakati Kajiru aliponyanyua kidole, kama anavyofanya kanisani.

Nyuma ya uzio wa mabati mtu alikuwa amewasha gari alisogeze, kulipisha lori la maji. Gari hilo likanasa kwenye tope. Likatiwa gia ya kuvuta magurudumu yote manne, likajitoa taratibu bila kukoroma, na sauti yake haikupanda wala haikushuka.

"Hilo," Kajiru alisema. Hakuwa ameliona hata rangi.

Dalali akasema hilo wateja hawaonyeshwi. Liliachwa na mfugaji wa kuku, na tangu siku hiyo hajatokea mteja aliyesubiri kufunguliwa mlango wa pili. Kajiru akasema wafunguliwe milango yote.

Sogezeni sahani mbali zaidi, wale mliobaki nazo.

Kilikuwa kijipu cha kijivu, na ndani yake kuku walilala miaka mingi. Mavi yalipandana, mabichi juu ya makavu, mpaka kimo cha kiganja. Manyoya yalinatia kwenye paa. Pembeni palikuwa na yai viza lililopasuka, na ndani ya yai vitu vyeupe vilikuwa vinatembea. Harufu ilitoka ikawapiga watu usoni, na dalali mwenyewe, yule wa ukucha, alirudi nyuma hatua tatu.

"Mimi hilo silitaki," Nakijwa alisema, kanga ikiwa puani. "Mama yangu hapandi humo."

Kajiru alisogea, akaangalia lile yai, akageuka. Akakiri kwamba injini ni ya haki, lakini hakuna injini ya thamani hiyo. Basi tuliache, alisema, tutarudi mwezi ujao.

Nietiwe akavua saa. Akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akainama, akaingiza mikono yote miwili ndani ya mavi yale. Nakijwa alitazama pembeni. Dada mtu alikuwa anasikia sauti tu, ile sauti ya majimaji, na mdogo wake akipumua kwa mdomo. Nietiwe alipapasa sakafu kutoka mwanzo mpaka mwisho, akapapasa chini ya viti, kwenye kingo za milango, akalala chali akapapasa na chini. Alipotoka hakuwa mtu wa kumkumbatia.

"Chini ya mavi kuna turubai," alisema. "Chini ya turubai kuna bati zima. Halina mshono, halina kutu. Tunalichukua."

Akalifungua fundo la kanga kwa vidole vilevile. Dalali alizipokea noti kwa ncha za kucha, akaziweka juani.

Walilishusha hadi Same vioo vikiwa wazi. Nakijwa akaliosha siku nne nyumbani kwa Kajiru, kwa majivu, kwa sabuni, kwa limao na kwa tangawizi iliyotwangwa, akitapika na kurudi. Siku ya tano aliingia, akafunga vioo, akavuta pumzi kwa pua. Akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kajiru akawafundisha dada zake kuendesha, na kijipu kikapanda Mraru mpaka mlangoni. Wakati wa vuli Mama Naghenjwa akabanwa na pumu, akateremshwa ameketi mbele, mkoba wake mapajani, kioo kimefunguliwa kidogo apate hewa. Baada ya wiki alirudi akinukia sabuni. Akapapasa kiti, akasema baba yenu angelikaa hapa, na Nakijwa akaenda nje kulia peke yake.

Ingeishia hapo ningewaruhusu mkaendelee kula. Lakini kadi ya gari ilikuwa bado ina jina la mfugaji wa kuku, na ilipofika siku ya kuandika jina jipya kila mmoja alitaka liandikwe lake.

Kesi ilipelekwa kwenye baraza la ukoo, nyumbani kwa Mzee Mrutu kule Same. Mzee Mrutu alipenda vikao kama wengine wanavyopenda bao, na alikuwa na kuku wengi. Akaamua kwamba mpaka shauri liishe, kijipu kikae uani kwake, asikiendeshe mtu. Hakuambiwa kwamba mlango wa nyuma haushiki mpaka ubamizwe, na yeye hakuwa mtu wa kubamiza milango.

Kikao cha kwanza alisema Kajiru. Akasema kabla ya kidole chake gari lile halikuwapo, lilikuwa sauti nyuma ya mabati, na mtu hachagui asichokijua. Wenzake waliletewa, wakakataa au wakakubali. Mchagua jembe si mkulima, akaongeza akimtazama Nakijwa, kuna watu wangekuwa bado wananusa yadi ya Moshi mpaka leo. Yeye angelilaza Same, karibu na fundi na mafuta, na simu ikipigwa angepanda. Likilala juu, barabara ingeliua kabla ya mwaka kwisha.

Kikao cha pili alisema Nietiwe. Alimpa kaka yake heshima zote, kisha akauliza mbele ya ukoo nani alisema basi tuliache.

"Kaka alilitaja akalitupa, dada alilikataa," alisema. "Kuchagua ni kusema ndiyo. Mimi nilisema ndiyo, mikono ikiwa ndani ya mavi."

Yeye angelilaza katikati ya mlima, ambako ni safari fupi kwenda juu na safari fupi kwenda chini.

Kuna mjanja hapo nyuma anasema si liandikwe jina la mama. Walimwuliza. Mama Naghenjwa alituma neno kwamba akiandikwa leo, siku akifa watakaa tena kikao hikihiki juu ya kaburi lake. Na wewe unayesema liuzwe, hebu nyamaza.

Kikao cha tatu ilikuwa zamu ya Nakijwa. Alisimama karibu na mlango, kwa desturi yake, akalikamata lile neno.

"Mama alinifundisha kuchagua mchele," alisema. "Anayechagua mchele hagusi mchele, anagusa mawe. Nilitoa magari matano yaliyooza. Bila mimi mngenunua la kwanza, na mama angekuwa korongoni pamoja na yule chura."

Kajiru akamkumbusha kwamba alisema silitaki. Nakijwa akakubali kwamba alisema hivyo. Nietiwe akamkumbusha kwamba kuosha, hata siku nne, si kuchagua. Akakubali na hilo, lakini akasema yeye ndiye anayelala chumba kinachopakana na cha mama, ndiye anayesikia kifua kikianza, na gari lililoko Same halisikii kifua. Wazee wakaanza kuguna, wengine kwa Kajiru, wengine kwa Nietiwe, wengine kwake.

Hapo ndipo pua ilipomshika. Kuku. Akageuka akatazama uani. Mlango wa nyuma wa kijipu ulikuwa wazi, na kwenye kiti cha mbele, mahali pa mama, alikuwa ameketi jike la kuku, anatazama nje ya kioo kama abiria. Mavi meupe yalikuwa yameteremka kwenye kitambaa ambacho Nakijwa alikisugua kwa limao.

Kabla hajasema ikaja harufu ya pili. Dagaa. Akadhani ni jikoni kwa Mzee Mrutu. Kisha ikaja ya tatu, mkojo wa beberu, na akajua kabla hajaona.

Mama Naghenjwa alikuwa anaingia getini, anatembea hatua mbili anasimama, mkono kifuani. Upindo wa kanga ulikuwa umelowa, na vichwa vya dagaa vimemganda begani. Alitaka kusikia shauri la wanawe likiamuliwa, na gari la wanawe lilikuwa limefungiwa kama kielelezo cha kesi, basi alishuka kwa pikapu ya Mchome.

Nakijwa alimkimbilia akamshika. Uso wake ulikuwa kwenye bega la mama yake, pua ndani ya dagaa wale, na kwa mara ya kwanza maishani hakugeuza kichwa. Kinyaa kilikuwapo, tena kikubwa kuliko cha Moshi, lakini hakikutoka kwa mama. Kilitoka kwake mwenyewe, kwa kaka yake na mdogo wake, kwa maneno mazuri waliyokuwa wakiyasema vikao vitatu.

Mzee Mrutu aliagiza kiti. Mama hakukaa. Aliwatazama wanawe mmoja mmoja, akapumua, akasema taratibu.

"Nasikia kila mmoja amelichagua gari. Sawa. Na hili nililokuja nalo, nani amenichagulia?"

Yule kuku akatetea garini. Kisha Mzee Mrutu akasema amri ya marehemu ni amri, jina ni moja, na leo lazima liandikwe. Akachukua kalamu. Akawatazama wazee, wazee wakatazama chini.

Mimi sikupewa zaidi ya hapo. Yuko Kajiru aliyelisikia gari kabla ya mtu yeyote kuliona, akaliacha. Yuko Nakijwa aliyetoa mabovu yote yasimuue mama, akalikataa na zima. Yuko Nietiwe aliyekuwa tayari kununua bovu, kisha akasema ndiyo pale ambapo wenzake walishindwa. Nafasi kwenye kadi ni moja, na atakayeandikwa ndiye atakayeamua gari lilale wapi usiku ambao kifua cha mama kitabana.

Je, wewe ungeamua vipi? Jibu upesi, maana Mama Naghenjwa bado amesimama, na kuku bado ameketi.